Sentimita Moja

Mwanangu wa pili alikuwa na sentimita 101. Treni ya kutisha ya bustani ya burudani ilitaka 102.

Tulikuwa tumesota kwenye foleni dakika hamsini na tano, jua la utosi, tukimwimbia, tukimbeba, tukimshusha, tukimwambia zamu yetu hiyo inakuja. Tulipofika mbele, kijana wa zamu alimsogeza kwenye ubao wa kupimia, akapitisha kiganja juu ya kichwa chake, kisha akachuchumaa na kumwambia kwa upole, "Bado kidogo, rafiki yangu." Mtoto wa miaka minne hana pa kuiweka "bado kidogo". Alitutazama sisi, akaitazama treni, akatutazama tena. Kisha akajitupa chini.

Nitarudi hapo. Ila ile sentimita hatukuipotezea pale kwenye foleni. Tuliipotezea nyumbani, miezi minane kabla, siku tulipoanza kuweka akiba.

Safari ilikuwa yangu. Nalisema wazi kwa sababu ilinichukua muda kulikubali. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa nikiziona bustani hizi za burudani kwenye televisheni, ngome zenye minara na treni zinazopinduka juu chini, nikajiapiza kwamba wanangu hawataishia kuziona kwenye kioo kama mimi. Kwa hiyo nilipochagua bustani, nilichagua iliyonipendeza mimi. Nilitazama picha tu. Sikujiuliza swali hata moja kuhusu watoto watatu ninaowalaza kila usiku: binti wa miaka saba, mvulana wa minne, na kitindamimba wa miezi kumi na minne ambaye alikuwa bado anatembea kwa kuyumba.

Bustani hizi hazifanani. Legoland, ambayo ya kwanza ilifunguliwa Billund, Denmark, mwaka 1968, hulenga familia zenye watoto wa kati ya miaka 2 na 12. Cedar Point ya jimbo la Ohio, Marekani, sifa yake kubwa ni treni za kutisha, na anayeifuata huko ni kijana aliyekwisha kurefuka. Zote ni bustani, zote zina picha za kupendeza. Kinachokueleza ukweli ni orodha ya vimo, ambayo bustani kubwa huiweka kwenye tovuti yake. Kaa nayo jioni moja na kalamu. Andika jina la kila mtoto, kisha hesabu michezo anayoruhusiwa. Mimi nilifanya hesabu hiyo baada ya kurudi nyumbani, nikakuta mvulana wangu alikuwa na michezo kumi na moja tu, na minne kati ya hiyo ni farasi wa kuzunguka wa aina moja au nyingine.

Kimo nilimpima, msidhani sikumpima. Nilimpima akiwa amevaa raba zake nene, nywele hazijakatwa, mgongo ukutani, naye akijinyoosha kwa vidole kwa sababu alishajua kuna jambo zuri likitegemea urefu wake. Nikapata 103. Siku ya safari alivaa kandambili.

Watu wengi hudhani kile kipimo ni cha woga, kwamba mtoto jasiri angeweza kuachiwa. Sivyo. Chuma kinachomshikilia abiria kimetengenezwa kwa mwili wa ukubwa fulani. Mwili mdogo kuliko huo unaweza kuteleza. Kwa hiyo yule kijana wa zamu hana ruhusa ya kukuonea huruma, na kumbembeleza ni kumtesa bure. Baba yao alimbembeleza. Mimi pia nilimbembeleza. Nilimwonyesha hata picha niliyompiga mtoto ukutani kwetu siku ile ya 103. Nikikumbuka sura yake alivyokuwa akiitazama ile picha kwa adabu, natamani ardhi ipasuke.

Mpime mtoto asubuhi, miguu mitupu. Halafu mwambie kabla hamjaondoka nyumbani ni michezo ipi atapanda na ipi hatapanda. Atalia, lakini atalia kitandani kwake.

Kuhusu fedha nitasema machache, maana kila nyumba na mfuko wake. Kiingilio hakikufika nusu ya tulichotumia. Tulikuwa tumekiwekea akiba kwa uangalifu, tukadhani tumemaliza. Hatukuhesabu maegesho, kabati la kukodi mizigo, kigari cha pili tulichokodi mvulana alipogoma kutembea, maji ya kila saa, wala picha ambazo bustani inakupiga bila kukuuliza kisha inakuuzia mlangoni. Na maduka. Karibu kila mchezo mkubwa unakutolea dukani, na mtoto aliyetoka kushuka kwenye mchezo akiwa na furaha ya kupita kiasi hapiti dukani kimyakimya. Siku ya pili tuliwapa kila mmoja kiasi chake mkononi tangu asubuhi, kikiisha kimeisha, na kelele zikapungua kuliko nilivyotarajia. Binti alizunguka na noti zake siku nzima akirudi nazo zilivyo.

Umri nao una bei yake. Walt Disney World na Disneyland za Marekani huwaingiza bure watoto walio chini ya miaka 3, na anayefikisha 10 hulipa kama mtu mzima. Kwingine wanaangalia kimo. Kama mtoto wako anakaribia kuvuka mstari, safari ya mwezi mmoja mapema yaweza kukuokolea kiingilio kizima. Tiketi za kuruka foleni ni mzigo mwingine. Disney walipoanzisha utaratibu wa FastPass mwaka 1999 ulikuwa bure, lakini tangu 2021 anayetaka kupita haraka hutoa pesa. Kwa familia yenye watoto wadogo ningefikiri mara mbili, kwa kuwa foleni hizo za haraka ziko hasa kwenye michezo mikubwa, na huko ndiko wanakozuiwa.

Basi, siku ya kwanza. Milango ilifunguliwa saa tatu asubuhi. Sisi tuliingia saa tano kasoro, kwa sababu tulifika usiku tukachelewa kulala, kwa sababu nepi zilisahaulika tukarudi, kwa sababu ya hili na lile. Hapo tulichemka vibaya. Saa ya kwanza baada ya milango kufunguliwa ndiyo saa ya dhahabu. Anayeingia mapema anapanda michezo mitatu au minne kabla foleni hazijakomaa. Tulipoingia sisi, zilikuwa zimekomaa. Nami, badala ya kuanza na kidogo kilicho karibu, nikaukokota ukoo mzima moja kwa moja hadi kwenye treni, ile ya picha.

Mnajua yaliyotokea. Alipojitupa chini, tulitoka sote. Baba yao alimbeba begani akipiga mateke, mimi na kigari, binti nyuma yetu na begi. Tulipita kinyume cha foleni nzima, watu mia na zaidi wakitupisha, na kila mmoja ana uso wake: wengine wa huruma, wengine wa kuona afadhali si wao.

Hatukujua kwamba bustani nyingi kubwa zina utaratibu wa kupokezana. Mzazi mmoja anapanda na mtoto anayefika, mwingine anabaki nje na asiyefika. Wakirudi, yule wa pili anaingia bila kusimama foleni upya. Hakuna malipo. Unamwambia tu mhudumu mwanzoni mwa foleni kwamba mna mtoto mdogo. Tungeuliza swali moja, la sekunde tano, siku yetu ingekuwa nyingine.

Mchana jua lilipanda kweli. Lami ya bustani inahifadhi joto na kulirudisha, na kitindamimba kwenye kigari yuko karibu zaidi na lami kuliko wewe. Ili kumkinga nilitandaza kitambaa juu ya kigari, nikajiona mama mwenye akili. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi kivulini akaniita. "Mwanangu, tia mkono humo ndani." Nikatia. Palikuwa kama tanuri. Kitambaa kilizuia jua, ndiyo, lakini kilizuia na hewa, na joto likajikusanya humo. Mtoto alikuwa mwekundu, jasho limemlowanisha mgongo mzima, ametulia kupita kawaida. Nilimtoa nikikimbia, tukaingia kwenye jengo la kwanza lenye ubaridi, nikamvua, nikampangusa kwa maji, nikamnyonyesha. Baada ya dakika ishirini akaanza kuvuta nywele zangu, nami nikaanza kulia. Yule bibi simjui jina, wala sikumshukuru.

Tulipokuwa tumekaa mle ndani nikamsomea baba yao kwenye simu habari za siku Disneyland ilipofunguliwa, Julai 17, 1955, jinsi joto lilivyokuwa kali, lami mbichi ikawa inanasa visigino vya wanawake, na mabomba mengi ya maji ya kunywa yakawa makavu kwa sababu mafundi bomba walikuwa wamegoma. Watu walishikilia tiketi za bandia kwa maelfu. Sikujua nicheke au vipi. Akaniambia, "Mama watoto, angalau lami yetu imekauka." Ndicho kicheko pekee cha siku ile.

Kuna habari nyingine, ya Walt Disney, mwanzilishi wa bustani hiyo, ambayo imenikaa zaidi. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba wazo la bustani lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi huko Griffith Park, Los Angeles, akiwangoja binti zake wawili waliokuwa wanazunguka kwenye farasi wa mbao. Akaona haifai mzazi kukaa benchini akitafuna njugu. Pawe na mahali ambapo wote wanacheza pamoja. Ni wazo zuri. Nililiamini kiasi cha kutumia akiba ya miezi minane. Lakini sasa ningemwambia mzazi mwenzangu: litafute hilo benchi. Likiwa na kivuli, liwekee alama kwenye ramani.

Kulala mchana tuliruka. Tuliona tumelipa, tutalalaje? Saa tisa alasiri kila mtu alikuwa analia isipokuwa binti. Chakula nacho tulikwenda kukitafuta saa saba, saa ambayo bustani nzima imeona njaa pamoja. Wape watoto chakula saa tano na nusu, mtakula mkiwa mmekaa.

Saa kumi na dakika chache mvulana akapotea.

Nilikuwa nambadilisha nepi mdogo wake. Baba yao alidhani yuko nami, mimi nilidhani yuko naye. Sentensi hii nimeisikia baadaye kwa wazazi wengi kiasi kwamba sioni aibu tena kuiandika. Ilikuwa dakika kumi na mbili, nimeziangalia kwenye simu. Moyo ulinienda mbio hadi masikio yakaziba. Nilijaribu kumweleza mlinzi amevaa nini, nikashindwa. Shati la bluu? La kijani? Simu ya baba yao ilikuwa imezimika kwa kupiga video. Yangu ilikuwa na asilimia sita. Alipatikana mbele ya bwawa la bata, amepiga magoti, anaongea nao, mwanamke mfanyakazi wa bustani ameketi kando yake bila kumgusa wala kumhoji, anamlinda tu. Hakujua kama amepotea. Kwake yeye, sisi ndio tuliopotea.

Tangu siku hiyo nina desturi tatu, na hizi tafadhali zichukueni. Kila asubuhi, kabla ya kuingia, nampiga kila mtoto picha na nguo zake za siku hiyo, kuanzia kichwani hadi viatuni. Namba yangu ya simu naiandika kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye mkono wa ndani wa mtoto, kisha napaka gundi ya plasta juu yake. Bangili ya karatasi huchanika ikilowa. Na kila tunapogawana watoto, mzazi husema kwa sauti: "Huyu ninaye mimi." Mwenzake anajibu: "Unaye." Tunaonekana kama marubani. Sawa tu. Pawabenki mbili nazo sasa ni sehemu ya mzigo, kabla hata ya nepi.

Ningependa kusema tulikwenda kulala baada ya hapo. La, tulibaki kwa ajili ya fataki, kwa kuwa nilikuwa nimeziona kwenye televisheni. Fataki ni mizinga. Kitindamimba alipiga ukelele wa aina ambayo sikuwahi kuisikia, akajibana shingoni kwangu kama anayezama, na mvulana akaziba masikio akiomba turudi nyumbani, nyumbani kwetu kabisa, si chumba cha wageni. Familia iliyokuwa kando yetu ilikuwa na vile viziba masikio vikubwa vya watoto. Mtoto wao alikuwa anatazama mbingu kinywa wazi. Navitaja kwa sababu havichukui nafasi yoyote begini. Kisha umati wote ukatoka kwa lango moja kwa wakati mmoja, tukasukumwa pamoja nao, malengelenge kisigino cha kulia na kushoto. Viatu vipya, ndiyo. Msiniulize.

Usiku huo tulinong'onezana kwa ukali, mimi na baba yao, bafuni, mlango umefungwa. Alisema nimewaburuza watoto kwenye ndoto yangu. Nikamwambia yeye ndiye aliyemaliza simu. Kila mmoja alikuwa sahihi, kwa hiyo hapakuwa na pa kufikia.

Nilipotoka nikakuta binti hajalala. Alikuwa amejifunika hadi kidevuni. Akaniuliza polepole asiwaamshe wenzake, "Mama, mimi nilikuwa nafika, eti?"

Sikuelewa mara moja.

"Kwenye treni. Kile kipimo. Mimi nilikipita."

Alikipita kwa kiganja kizima. Alisimama foleni dakika hamsini na tano kama sisi wote, akafika mbele, na ndugu yake alipoanguka chini sote tukageuka tukaondoka, naye akabeba begi. Hakuna aliyemuuliza. Hakulia, kwa hiyo hatukumwona. Mambo yote niliyokwisha kueleza, joto, bata, fataki, nimeyasamehe kwa sehemu kubwa. Hili bado linanichoma. Watoto wadogo wanaizima siku kwa vilio vyao na wewe unakimbia kuzima moto baada ya moto, na yule mkubwa, aliye mwepesi, anageuka mpagazi.

Tulikuwa na tiketi ya siku ya pili. Tulipanga nusu saa nzima, kimya kimya, kwa mwanga wa simu. Kila mtoto akapewa jambo moja lake ambalo litatimia hata mvua ikinyesha. Mengine yote ni nyongeza. Mvulana aliulizwa asubuhi akasema bata. Nilimweleza kuna farasi wa kuzunguka, kuna mashua, kuna magari ya kugongana ya watoto. Akasema bata. Basi, bata.

Tulifika langoni dakika arobaini kabla ya kufunguliwa, tumevaa viatu vyetu vya zamani. Kufikia saa tano watoto wadogo walikuwa wamepanda michezo mitano, na mmoja waliupanda mara tatu mfululizo kwa sababu hapakuwa na mtu nyuma yao. Kilichonishangaza ni kwamba kurudia ndiko walikokutaka. Mimi nilikuwa na orodha ya kumaliza, wao walikuwa na farasi mweupe. Saa sita tulitoka, tukiwa tumegongwa muhuri wa kurudia, tukaenda kulala sote watano fofofo hadi saa tisa na nusu. Watu wazima kadhaa langoni walitutazama kama wehu, kutoka wakati kila mtu anaingia. Tuliporudi saa kumi jua lilikuwa limeregea na familia nyingi za watoto zilikuwa zinaondoka na vilio. Niliwatambua. Nilitaka kuwapa maji.

Mvulana alikaa kwenye bwawa dakika arobaini. Nilihesabu moyoni gharama ya kila bata, kisha nikaacha.

Saa kumi na moja tulikwenda kwenye treni, mimi na binti. Nilimweleza mhudumu kwamba baba yao yuko nje na wadogo, akanipa kadi ya kupokezana. Foleni ilikuwa dakika ishirini na tano. Kwenye ubao wa kupimia binti alisimama wima kabla hajaambiwa, akatazama mbele kama askari, na kijana wa zamu, si yule wa jana, akampungia mkono apite.

Chuma kiliposhuka mapajani nilitambua jambo ambalo miaka yote ya televisheni haikunieleza: naogopa. Nilimshika mkono. Nikapiga yowe tangu mteremko wa kwanza. Treni iliposimama nikafumbua macho, binti alikuwa ananitazama mimi.

"Mama, ulifumba njia nzima."

Tulitokea dukani, tukapita. Nje, baba yao alinikabidhi kigari, begi la nepi na mvulana aliyekuwa ananuka bwawa, akachukua ile kadi. Binti hakungoja kuulizwa. Alikuwa ameshamshika baba yake mkono, anamvuta.